Nani Anaandika Habari za Vijidudu Vyetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, waganga mliotoka Newala, Masasi na Tandahimba, walimu wenzangu, wanafunzi wa maabara na uuguzi, wazee mlioketi hapa mbele: itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni, na wadogo hamjambo.

Nimeombwa nilinganishe nchi na nchi: nani anachapisha tafiti nyingi juu ya vijidudu vinavyoleta magonjwa, nani anapanda, nani amekwama. Majedwali ninayo, na atakayeyataka nitampa. Lakini kwa kuwa tumekutana Mtwara, nitaanza na Newala.

Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde walianza kuugua homa ya ghafla. Viungo viliuma hata mgonjwa akatembea amejikunja. Wenyewe wakaipa jina: chikungunya. Vitabu vingi vya ng'ambo husema hilo ni neno la Kiswahili. Ni Kimakonde, na humu ukumbini wapo wenye lugha yao wanaojua maana yake bila kufungua kamusi yoyote: kile kinachokunja. Miaka mitatu baadaye, 1955, Marion Robinson, daktari wa hospitali ya misheni ya Lulindi, na W.H.R. Lumsden wa taasisi ya virusi ya Entebbe walichapisha habari za ugonjwa huo katika jarida la London. Mwaka 1956 R.W. Ross akachapisha habari za virusi vyenyewe. Damu ilikuwa ya watu wa Newala, mbu walikuwa wa Newala, na jina lilikuwa la Newala. Mwandishi Mmakonde hakuwamo hata mmoja.

Na haikuwa chikungunya peke yake. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa mwaka 1931 kutokana na kondoo wa shamba lililokuwa karibu na ziwa Naivasha. Virusi vya West Nile vilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa wilaya hiyo ya Uganda. Zika ni msitu ulio njiani karibu na Entebbe. Mwaka 1947 virusi vilitolewa humo katika damu ya tumbili aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti ili aumwe na mbu. O'nyong'nyong ni jina walilolitoa Waacholi mwaka 1959. Semliki, Bwamba, Bunyamwera, Ntaya: ukiisoma orodha ya virusi vinavyoenezwa na wadudu utadhani mtu anakutajia vituo vya basi la Uganda.

Sasa chukueni karatasi mchore mstari. Mlalo ni miaka, wima ni idadi ya makala za chikungunya zilizochapishwa duniani. Kuanzia 1955 mstari unatambaa chini kwa chini karibu miaka hamsini. Mwaka 2004 ugonjwa unazuka Lamu, halafu Mombasa. Uchunguzi wa damu uliofanyika Lamu ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Robo tatu ya mji mzima! Mkitazama mstari wenu kwa mwaka huo, haujainuka kwa kiasi cha kumshtua mtu. Kutoka pwani yetu ugonjwa ukavuka hadi Komoro, na mwishoni mwa 2005 ukawa umeshaota mizizi Réunion. Huko waliugua watu wapatao 266,000, karibu theluthi ya kisiwa. Réunion ni ardhi ya Ufaransa. Hapo ndipo mstari ulipopaa, na Ufaransa ikajikuta miongoni mwa vinara wa utafiti wa ugonjwa wenye jina la Kimakonde. Mwaka 2006 India ilihesabu washukiwa zaidi ya milioni moja, nayo ikaingia kwenye chati. Mwaka 2007 ugonjwa ukafika kijijini Italia, na Desemba 2013 ukatua visiwa vya Karibi. Kila ulipoingia nchi yenye fedha, mstari ulipanda ngazi moja. Chanjo ya kwanza ilipata kibali Marekani Novemba 2023, na iliyoitengeneza ni kampuni ya Ulaya, Valneva.

Zika ina chati kama hiyo, ila mwinuko wake ni mkali zaidi. Makala ya kwanza ilitoka 1952. Zilizofuata kwa miaka sitini zilikuwa chache kiasi kwamba mtu mmoja mwenye bidii angezisoma zote katika likizo moja. Mwaka 2015 madaktari wa Pernambuco, kaskazini mashariki mwa Brazil, waliona watoto wakizaliwa na vichwa vidogo. Mwaka 2016 peke yake makala zikapita elfu, Marekani ikiwa ya kwanza na Brazil ikiifuata. Uganda, penye msitu wenyewe, huioni mpaka ushuke chini sana kwenye jedwali.

Ndiyo maana nasema, na nitalirudia hata nikiulizwa usiku wa manane: chati ya makala za nchi kwa nchi haikuonyeshi ugonjwa uliko. Inakuonyesha hofu iliko, na mfuko uliko. Ukitaka kujua ugonjwa uliko, nenda zahanati. Mwaka 2023 dunia ilikuwa na wagonjwa wa malaria wapatao milioni 263, na vifo karibu 597,000, na katika kila vifo mia, tisini na tano vilikuwa Afrika. Mlinganisho wowote wa nchi ambao haujaweka hesabu ya wagonjwa pembeni ya hesabu ya makala, mimi nauhesabu kuwa nusu ya kazi.

Niseme kidogo namna hesabu hizi zinavyopatikana, maana wengi huzinukuu bila kuuliza. Mwaka 1964 Eugene Garfield, mjini Philadelphia, alianza kuchapa faharasa iliyoonyesha makala gani imeinukuu makala gani. Kutoka mbegu ile ikaota hifadhidata ya makala iitwayo Web of Science; baadaye ikaja Scopus; na PubMed ya Marekani iko wazi bure kwa kila mtu tangu 1997. Mashine hizi hazimuulizi mtafiti uraia wake. Zinasoma anwani ya kazi iliyoandikwa chini ya jina. Mwingereza anayefanya kazi Kilifi anahesabiwa Kenya, na Mtanzania aliyeajiriwa Geneva anahesabiwa Uswisi.

Hapo kuna mtego uliowanasa wanafunzi wangu mguu mara nyingi. Kwa miaka mingi, mpaka karibu 2014, PubMed ilikuwa ikiweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Waliobaki, hata wawe ishirini, walikuwa majina yasiyo na nchi. Mtu akichora mwelekeo wa Tanzania kutoka 2005 hadi 2020 kwa PubMed, ataona nchi imeruka ghafla katikati ya njia, na atasema sera mpya imezaa matunda. Kilichozaa ni badiliko la fomu. Watafiti wetu walikuwapo siku zote, nafasi ya pili, ya tano, ya tisa, ila hapakuwa na mahali pa kuandika wanatoka wapi.

Kuna na namna ya kugawana. Tuseme makala moja ya malaria ina waandishi kumi: saba wa Ifakara, wawili wa Basel, mmoja wa London. Wako wanaohesabu makala nzima kwa kila nchi: Tanzania moja, Uswisi moja, Uingereza moja. Wako wanaoikata vipande: Tanzania sehemu saba za kumi, Uswisi mbili, Uingereza moja. Nchi yenye ushirika mwingi wa kimataifa huonekana kubwa kwa njia ya kwanza na hupungua kwa njia ya pili. Ukisoma makala ya kulinganisha nchi, kabla ya kuangalia nani kashinda, tafuta aya inayoeleza walihesabu vipi. Isipokuwapo, weka makala chini.

Halafu gawanya kwa idadi ya watu uone mambo yanavyogeuka. Gambia, nchi ndogo iliyozungukwa na Senegali, inaruka hadi juu ya orodha ya Afrika. Kwa nini? Kwa sababu tangu 1947 pana kituo cha utafiti wa tiba kilichowekwa na Waingereza, na kazi yake ni nzuri, siidharau hata kidogo. Imeokoa watoto wengi. Lakini mtu asije akaniambia kwamba bajeti ya Banjul ndiyo iliyofanya hivyo. Idadi ya makala inaweza kuwa ya nchi kwa anwani na ya nchi nyingine kwa hundi, na mlinganisho mzuri huitafuta hundi.

Lugha nayo. Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906, akitibu malale kwa dawa ya atoksili iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Maandishi yake yalitoka kwa Kijerumani. Habari za artemisinini, dawa ya malaria iliyo ndani ya mseto tunaomeza leo, zilichapishwa kwanza kwa Kichina mwaka 1977, bila majina ya watafiti. Tu Youyou alipewa Nobeli mwaka 2015. Mpaka leo hifadhidata kubwa zina macho ya Kiingereza. Jarida la Kinshasa kwa Kifaransa, jarida la Maputo kwa Kireno, hata majarida yetu ya Kiingereza yaliyochapwa Nairobi na Dar es Salaam, mengi huwa nje ya wavu. Ndipo mwaka 1998 ukaanzishwa mtandao wa African Journals Online, ili yapatikane mahali pamoja. Hesabu inayosema Kongo haiandiki, uliza kwanza kama aliyehesabu alitafuta kwa Kifaransa.

Sasa niwapeleke Liberia, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kisa hiki hakijanitoka moyoni tangu nilipokisoma.

Mwaka 1982 watafiti wa Ujerumani walichapisha makala katika jarida la virusi la Institut Pasteur. Walikuwa wamepima damu zilizochukuliwa Liberia, wakakuta baadhi ya watu wana kinga ya mwili dhidi ya Ebola. Walihitimisha wazi kwamba Liberia ihesabiwe ndani ya eneo la Ebola. Kati ya waandishi hakuwamo Mliberia. Miaka thelathini na miwili ilipita. Mwaka 2014 Ebola ikavuka kutoka Guinea. Wauguzi wa Liberia waliwapokea wagonjwa wa homa na kutapika wakidhani ni malaria, au Lassa, au kipindupindu. Katika nchi ile walikufa zaidi ya watu 4,800, na kati yao madaktari na wauguzi wengi. Aprili 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Liberia, pamoja na wenzake wawili walieleza katika gazeti la New York Times namna walivyoikuta makala ile ya zamani. Kuipakua moja ya makala za namna hiyo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki.

Katika jedwali la utafiti wa Ebola, makala ile ni alama moja kwa Ujerumani mwaka 1982. Hesabu ni sahihi. Ilichapishwa, ilihaririwa, iliingia kwenye faharasa. Mtu aliyeihitaji alikuwa muuguzi wa Monrovia mwenye glavu zilizotoboka, na kati yake na karatasi ile palikuwa na dola 45 na miaka thelathini ya kutoambiwa.

Mimi mwenyewe nilianza kazi kama fundi sanifu wa maabara katika hospitali ya mkoa. Walikuja wageni, watu wema, wanaosalimia. Tuliwatolea damu za watoto kwa miezi, tukaandika majina kwenye vichupa, tukapakia masanduku yenye barafu kavu. Waliondoka. Baada ya miaka mitano nilipata bahati ya kusoma chuo chenye usajili wa majarida, nikaikuta makala. Hospitali yetu imetajwa katika aya ya mbinu, neno moja. Matokeo yalikuwa mazuri: yalionyesha dawa tuliyokuwa tukiwapa watoto wale ilikuwa imeanza kushindwa. Kwa miaka mitano tuliendelea kuigawa.

Watafiti walipitia makala 7,100 za afya zilizofanywa Afrika kati ya 2014 na 2016 wakatazama nani anatajwa kwanza. Waandishi wa kwanza waliotoka nchi iliyotafitiwa walikuwa karibu asilimia 53. Si haba, mtasema. Lakini pale ushirika ulipokuwa na vyuo vikubwa vya Marekani, asilimia hiyo ilishuka hadi 23. Na katika kila makala mia, zaidi ya kumi na tatu hazikuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi husika. Aliyekuwa na ushirika na nchi nyingine ya Afrika ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutajwa. Waganga wa wilaya, hili lichukueni. Siku mtakapoletewa fomu ya ushirika mtie saini, jirani wa Nampula au Kilifi anaweza kuwa mshirika bora kuliko mnavyofikiri.

Ziko nchi zilizoipinda chati kwa nguvu zao. Naipenda sana Brazil katika jambo hili. Mwaka 1900 walianzisha taasisi Manguinhos, Rio de Janeiro, kutengeneza dawa ya tauni. Mwaka 1909 Carlos Chagas, akiwa Lassance, mji wa njia ya reli huko Minas Gerais, akiishi na kupimia wagonjwa ndani ya behewa, alimgundua mdudu anayeeneza ugonjwa, kimelea kilicho tumboni mwa mdudu, na mtoto mgonjwa. Vyote vitatu mtu mmoja, nyumbani kwao, akachapisha katika jarida la kwao. Mpaka leo ukihesabu makala za ugonjwa wa Chagas, Brazil iko juu kabisa, na katika ugonjwa wa leishmania hivyo hivyo. Ugonjwa wao, kalamu yao.

Kwa nini wao waliweza? Majibu ni mengi, ila mawili nayaona makubwa. La kwanza: jimbo la São Paulo limeandika ndani ya katiba yake kwamba asilimia moja ya kodi za jimbo iende kwenye mfuko wa utafiti. Haingoji waziri aamke na moyo mkunjufu. La pili: mwishoni mwa miaka ya 1990 walijenga SciELO, maktaba ya mtandaoni ambamo majarida yao yanasomwa bure, kwa Kireno, Kihispania au Kiingereza. Kwa hiyo Zika ilipobisha hodi 2015, madaktari wa Recife, mji mkuu wa Pernambuco, hawakuhitaji mtu wa kuwasemea.

China ni habari ya ukubwa. Mwaka 2016, kwa hesabu zilizotolewa na Marekani yenyewe, China ilichapisha makala za sayansi zipatazo 426,000 na Marekani 409,000. Wingi huo ulichochewa na zawadi za fedha kwa kila makala iliyotoka katika majarida makubwa, mpaka Februari 2020 wizara za huko zilipoagiza desturi hiyo ikome. Nawaonya ndugu zangu wa vyuo vya kwetu wanaotaka kuiga zawadi zile: anayelipwa kwa karatasi atatoa karatasi.

Afrika Kusini nayo hulipa vyuo ruzuku kwa makala. Lakini nguvu yake hasa ni kwamba Ukimwi na kifua kikuu viliikamata nchi nzima, na watu wake wakajenga maabara za kuvisoma palepale. Ndiyo maana Novemba 2021 wao na Botswana ndio walioiambia dunia juu ya Omikroni, aina mpya ya virusi vya korona. Walishukuriwaje? Kwa kufungiwa viwanja vya ndege. Siku zile nilijiuliza ni nchi gani itakayokuwa na ari ya kusema ukweli mapema mara nyingine, na swali hilo ningependa wanaotunga sheria za afya za kimataifa walichukulie kwa uzito.

Sasa turudi kwetu, tusiwalaumu wageni tu. Huko nje kuna mradi uliopima maabara katika nchi kumi na nne za Afrika. Zilikuwa maabara zipatazo 50,000. Zilizokuwa na uwezo wa kuotesha bakteria na kuwapima zilikuwa asilimia 1.3. Hebu zingatieni. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tunaouita UVIDA, ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na kiwango kikubwa kabisa kilikuwa Afrika Magharibi, vifo 27.3 kwa kila watu 100,000. Makadirio hayo yametoka wapi, kama maabara zinazootesha bakteria ni asilimia moja na ushei? Yametoka sehemu kubwa kwenye hesabu za kompyuta zilizojaza mashimo ya mahali pasipo na vipimo. Mashimo hayo ni sisi. Mtoto analetwa na homa, hakuna chupa ya kuoteshea damu, daktari anaandika seftriaksoni kwa kubahatisha. Akipona hatujui alikuwa na nini, akifa hatujui alikufa kwa nini. Huwezi kuandika makala ya bakteria ambaye hukumwona. Kwa hiyo nchi zetu zinapoonekana chini katika utafiti wa bakteria na kidogo juu katika malaria, tusidhani vijana wetu hawapendi bakteria. Malaria huonekana kwa kipimo cha tone la damu kijijini. Bakteria anataka umeme usiokatika, agari, na mtu wa kukaa naye usiku.

Viongozi wa Afrika walikubaliana miaka mingi iliyopita kwamba kila nchi itumie asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika. Tuna NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzetu wa Kenya wana KEMRI yao, zote zilianzishwa 1979, zina watu hodari, na fedha nyingi za miradi yake hutoka nje. Anayetoa fedha huchagua swali, na haki yake hiyo simnyang'anyi. Ninachosema ni kwamba maswali ambayo hakuna mgeni atakayeyauliza, kwa mfano kwa nini vidonda vya wajawazito wa wilaya moja haviponi baada ya upasuaji, yatabaki bila kuulizwa mpaka halmashauri iweke shilingi zake pale. Na wanafunzi, tasnifu zenu zinazolala kabatini na jalada lake la kijani, kila mmoja wenu anajua ziko ngapi. Damu za watu zimo humo. Zitoeni.

Nimalizie na Kongo, maana ndiko mstari ulikopinda mbele ya macho yetu.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku. Daktari kijana wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kutoka Kinshasa. Alitoa damu kwa mikono mitupu, damu ikimchuruzika vidoleni, kwa sababu glavu hazikuwapo. Sampuli zikasafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai. Mwaka 1977 makala tatu za kwanza zikatoka kwa pamoja katika jarida la Lancet: moja ya watu wa Ubelgiji, moja ya Uingereza, moja ya Marekani. Kwa miaka mingi ulipouliza nani aligundua Ebola, jina la Muyembe halikutajwa.

Mwaka 1995 ugonjwa uliporudi, safari hii Kikwit, alikuwapo tena, akawapa wagonjwa wanane damu ya waliopona, saba wakaishi. Miaka mingi baadaye, kutokana na damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, ilitengenezwa dawa ya kingamwili. Ilijaribiwa katikati ya vita huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Mwandishi wa kwanza ni Mkongo, Sabue Mulangu, na Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wa jaribio. Nao wakasema: sampuli zetu zitapimwa kwetu.

Halafu ikaja mpox, iliyokuwa ikiitwa ndui ya nyani. Mgonjwa wa kwanza kujulikana duniani alikuwa mtoto wa Basankusu, Kongo, mwaka 1970. Makala zilidondoka moja moja kwa miaka hamsini, zikafurika 2022 ugonjwa ulipofika Ulaya na Marekani. Mmeshaijua chati hiyo, sina haja ya kuichora tena. Ila mwishoni mwa 2023 kulikuwa na wagonjwa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, ambako watu huongea Kiswahili kama sisi tulivyo hapa. Wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, na wenzao wa Kivu waliwapima, wakasoma vinasaba vya virusi, wakaona ni tawi jipya linalohama kutoka mtu hadi mtu. Aprili 2024 waliiweka rasimu wazi mtandaoni, na Juni ikatoka katika Nature Medicine. Jina la kwanza ni la Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki, Mkongo.

Mwisho wa Julai mgonjwa aliyekuwa akisafiri kutoka Uganda kwenda Rwanda alipimwa mpakani Taveta, Kenya, akakutwa na mpox. Burundi, Rwanda na Uganda zilikuwa zimepata au karibu kupata wagonjwa wao. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Makala ya Kamituga ilikuwa tayari mtandaoni kwa miezi minne, bila malipo, ikieleza virusi gani hivyo na vinaambukizaje. Muuguzi wa Taveta aliyekuwa na simu yenye intaneti angeweza kuisoma kabla ya msafiri yule kufika.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naona mikono imeshainuliwa kule nyuma.